Niliomba Shule Zisifunguliwe



Najua nimekaa kimya muda mrefu. Wengine mmenitumia ujumbe kuuliza kama Pasta anaumwa. Siumwi, namshukuru Mungu. Nilirudi kazini tu. Wengi wenu mnajua kwamba Jumatatu hadi Ijumaa mimi ni mwalimu wa darasa la nane hapa Kerio, na Jumapili ndipo nasimama madhabahuni. Tangu tarehe 28 Septemba, siku ambayo walimu waliitwa kuripoti, sijapata jioni ya kukaa na simu. Leo nimepata, na mtandao nao umekubali. Nivumilie, hii itakuwa ndefu. Chota maji ya kunywa kwanza.

Nataka kukiri jambo ambalo sijalisema kanisani. Mwezi wa tisa, uvumi ulipoanza kwamba shule zitafunguliwa, nyinyi mliniandikia niombe zifunguliwe. Mama mmoja alifunga siku tatu kwa ajili hiyo. Mimi niliwajibu "Amina, tunasimama pamoja." Halafu saa kumi alfajiri nikapiga magoti kwenye mkeka wangu nikaomba zisifunguliwe. Angalau hadi Januari. Niliomba hivyo si mara moja.

Usinihukumu bado. Ngoja nikueleze nilikotoka.

Mnakumbuka Ijumaa ile ya tarehe 13 Machi, mgonjwa wa kwanza wa korona alipotangazwa Nairobi. Jumapili yake jioni Rais akafunga shule zote nchini. Jumatatu asubuhi tulikwenda shuleni ili kuwarudisha watoto makwao tu. Walifurahi sana, wakaimba njia nzima, kama likizo imeanguka kutoka juu. Ni mmoja tu aliyebaki nyuma, binti wa darasa langu, akaniuliza, "Mwalimu, tutarudi lini?" Nikamwambia mwezi mmoja, na nilisema kama mtu anayejua. Huyo binti mweke akilini, nitamrudia.

Kabla Machi haijaisha makanisa nayo yakafungwa, kisha tarehe 27 ikaja kafyu, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Aliyepanga saa hizo sidhani aliwahi kulala Kerio. Saa moja jioni ndipo joto linaanza kutuachia, ndipo mtu anatoa mkeka nje na kuanza kuzungumza na jirani kama binadamu. Lakini tulitii.

Sasa hapa ndipo maungamo yangu yanapoanza. Wapendwa, nilipumzika. Miaka kumi na moja ya kusahihisha madaftari kwa taa ya sola, ya mikutano ya wazazi, ya kutoka shuleni na kuingia kwenye mkesha bila kubadilisha shati, halafu ghafla kimya. Nilikula chakula cha mchana na mama watoto kila siku. Nikajifunza upya kukamua mbuzi, jambo ambalo baba yangu alinifundisha nikiwa na miaka sita na nikalisahau chuoni. Kitinda mimba wetu, ambaye alikuwa ananiamkia kama mgeni, akaanza kulala kifuani kwangu. Nilisoma Biblia bila kutafuta mahubiri ndani yake. Aliyewahi kuhubiri anajua hiyo ni raha ya namna gani.

Na mshahara ulikuwa unaingia. Niseme wazi. Mimi nimeajiriwa na TSC, na kila mwisho wa mwezi simu ililia. Mwalimu mwenzangu ambaye dawati lake liko karibu na langu ameajiriwa na bodi ya shule, na bodi bila wanafunzi haina kitu. Tangu Machi hakupata hata shilingi. Nilimwona akipita na gunia la makaa kwenye baiskeli, na siku nyingine, Mungu anisamehe, niliingia ndani ili tusisalimiane. Dada zetu wanaosuka vikapu vya mkoma hawakuwa na mnunuzi. Wanaouza samaki walikuwa wakisubiri magari ya Kitale ambayo hayakuja kama zamani, na ziwa nalo lilikuwa limepanda na kumeza sehemu walizozoea kuanikia. Nzige ndio hao, wakala majani ya mbuzi. Na mimi katikati ya hayo yote nilikuwa nanenepa. Mkanda wangu ni shahidi.

Nikawa nahubiri kwa sauti kwenye WhatsApp, na mnajua wenyewe ni wangapi kati yetu wana simu ya kupokea hiyo. Wengi wana kabambe. Nyumba nyingi hapa neno la Jumapili lilifika kwa miguu, mtoto wa jirani akisimulia alichosikia kwenye simu ya jirani mwingine. Sijui walisikia nini mwishoni.

Julai kanisa likafunguliwa, kwa masharti: watu mia moja tu, saa moja tu, na asiingie aliye chini ya miaka 13 wala aliye juu ya 58. Nilifurahi, na hapo hapo moyo ukashuka. Nani amebaki kanisani kwetu ukitoa watoto na wazee? Kwaya ya akina mama wazee ikakaa nyumbani yote. Mzee wetu mmoja, mnamjua, alikuja na ekicholong yake, akaketi chini ya mti nje ya ua, mahali ambapo sauti inafika. Nikamfuata kumweleza sheria. Akaniuliza, "Pasta, huu ugonjwa umejuaje miaka yangu, na mimi mwenyewe siijui? Hiyo ya kitambulisho karani alikadiria tu." Nilikosa jibu. Hadi leo sina.

Jumapili ile ya kwanza nilipomaliza ibada ndani ya ile saa moja, nilirudi nyumbani nikalia. Mama watoto alidhani ni furaha. Nami nilidhani ni furaha. Lakini ilikuwa na kitu kingine ndani, na sikuwa na jina la kukiita.

Ndipo nikaenda kwenye kitabu cha Ezra, sura ya 3, ule mwisho wake. Ukipata nafasi isome yote. Watu wametoka uhamishoni Babeli, wamefika Yerusalemu, hekalu ni vifusi. Zerubabeli na Yeshua wanasimamia kazi, msingi unawekwa, makuhani na tarumbeta, Walawi na matoazi. Watu wanapaza sauti kwa furaha. Lakini wazee walioiona nyumba ile ya kwanza wanalia kwa sauti kubwa. Na mwandishi anatuambia kwamba huwezi kutofautisha sauti ya furaha na sauti ya kilio, kelele yote ilikuwa moja na ilisikika mbali.

Nimehubiri sehemu hiyo mara nyingi, na kila mara niliwasema wale wazee. Nilisema ni watu wa jana, wameng'ang'ania mambo ya kale, wanazuia jipya la Bwana. Mlipiga makofi. Naomba kufuta mahubiri hayo. Nilipoisoma tena Julai niliona kwamba katika sura hiyo hakuna mtu anayewakemea. Ezra hasemi walikosa imani. Kuhani hawanyamazishi. Wanalia, wenzao wanashangilia, na msingi unawekwa.

Nimekuwa nikiwauliza baadhi yenu jinsi mnavyorudi kazini, na nimesikia kelele hiyo hiyo. Dada yetu anayefanya kazi na shirika moja Kakuma alinipigia. Tangu tarehe 29 Aprili, serikali ilipofunga kambi za Kakuma na Dadaab asiingie mtu wala kutoka, yeye alikuwa anahudumia watu kwa simu kutoka chumba chake cha kupanga mjini. Sasa ameambiwa arudi ndani ya kambi. Ana hamu, anasema watoto wa kule wanamwita kwa jina kutoka mbali. Na anaogopa, si kuambukizwa, bali kuwapelekea ugonjwa watu wanaoishi mlango kwa mlango na kuchota maji bomba moja. Siku yake ya kwanza mama mmoja Mkongomani akamwambia, bila hasira, "Mlitukimbia." Tumeliombea neno hilo pamoja na bado linamuuma.

Ndugu yetu mwingine alikuwa mpishi wa hoteli Nairobi. Alirudi nyumbani kabla jiji halijafungwa Aprili, akakaa na mama yake kwa mara ya kwanza tangu amalize kidato cha nne. Sasa hoteli imemwita, kwa nusu mshahara. Aende? Mama yake amezoea kumwona. Anataka kwenda na hataka, na anaona aibu kwamba hataka, kwa sababu wenzake hawakuitwa kabisa.

Na muuguzi wetu wa Lodwar yeye alinikata maneno. "Pasta," akasema, "nyinyi mnaulizana kama mko tayari kurudi. Sisi hatukuwahi kuondoka." Nikanyamaza. Kama wewe ni wa kundi hilo, muuguzi, dereva wa lori, dada wa duka, polisi, pengine maneno yangu yanakuchosha. Una haki. Lakini kaa kidogo, maana nakaribia kwenye aibu yangu yenyewe.

Tarehe 28 Septemba nikaenda shuleni. Ni mwendo wa dakika kumi kutoka kwangu na nilitumia karibu nusu saa. Mathenge ilikuwa imeota hadi kwenye mlango wa ofisi. Popo walikuwa wamehamia darasani kwangu, harufu yake sitaielezea. Lakini kilichonisimamisha ni ubao. Tarehe ilikuwa pale kwa mwandiko wangu, Ijumaa 13 Machi 2020, na chini yake hesabu tano za asilimia ambazo hatukuzisahihisha. Nilisimama na dasta mkononi nikashindwa kufuta. Mwalimu mwenzangu yule wa makaa ndiye aliyefuta. Alikuwa amerudi, bado hajui atalipwa lini, naye alikuwa anapiga mluzi. Nikamwomba msamaha hapo hapo kwa zile siku za kuingia ndani. Akacheka, akasema alikuwa akiniona.

Tarehe 12 Oktoba wanafunzi wakaja, gredi ya nne na darasa la nane peke yao. Mwezi wa Machi nilikuwa na 41. Nikafungua rejista, nikaita majina. Walioitika ni 27.

Hapo ndipo nilipojua niliomba nini ule mwezi wa tisa. Nilikuwa nimejiambia ni uchovu, ni hofu ya korona, ni mapenzi ya familia. Yote yalikuwa ya kweli, sikatai. Lakini shule ikiwa imefungwa, hakuna mwanafunzi aliyekosa. Rejista ikiwa kabatini, wote 41 ni wangu. Siku ya kuifungua ndiyo siku ya kujua nani ameenda na mifugo, nani anaendesha bodaboda, nani ameolewa. Sehemu ya ile amani niliyowasimulia kwenye WhatsApp, ile mliyoniandikia "Amina, Pasta, umetulishwa," ilikuwa amani ya mtu ambaye hahesabu.

Na kanisa je? Nikajiuliza hilo usiku huo. Miezi minne bila ibada, ni nyumba ngapi nilizitembelea? Kafyu ilikuwa ya usiku. Mchana hakuna aliyenizuia kutembea na kusimama hatua mbili kutoka mlangoni kwa mtu. Sikuenda. Nisameheni.

Yule binti hakuwa kati ya wale 27. Kwao ni kama kilomita sita kuelekea ziwani, njia ninayoijua. Jumamosi ya tarehe 17 nikavaa barakoa nikaenda kwa miguu, kwa makusudi, ili nipate muda wa kuogopa. Nilijitayarishia habari mbaya, na mnajua ni habari gani tumezoea kusikia juu ya wasichana mwaka huu.

Nilimkuta bibi yake kivulini akisuka mkoma kwa vidole tu, macho hayaoni tena. "Ejoka, Ata," nikamsalimu. Akaitambua sauti. "Mwalimu. Umechelewa." Hakusema zaidi ya hapo juu ya kuchelewa.

Binti akatokea na mtungi wa maji kichwani, mdogo wake wa miaka minne mgongoni, mwingine wa miaka sita akimfuata. Hakuwa ameolewa. Hakuwa mjamzito. Alikuwa na madaftari yake ndani ya mfuko wa plastiki unaoning'inia kwenye dari, yamekauka salama, na alikuwa amezirudia zile hesabu za asilimia hadi karatasi zikaisha. Radio ya kufuatia masomo ya KBC hawana.

Nikamuuliza mbona hakuja. Alinitazama kama mtu anayeshangaa kwamba mwalimu haelewi hesabu rahisi. Zamani, alisema, alikuwa anakuja shuleni na wadogo zake wote wawili. Waliingia chekechea, uani mwetu mle mle, wakanywa uji, wakala mahindi na maharagwe mchana, akarudi nao jioni. Sasa serikali imefungua darasa la nane na haijafungua la wadogo. Mama yake alikwenda Kakuma kutafuta vibarua vya kufua, anatuma M-Pesa anapopata. Ata haoni, na njia ya kwenda majini iko karibu. "Nikija shuleni, mwalimu, hawa nimwachie nani? Na watakula nini?"

Wapendwa, nimekaa kwenye mikutano mingi juu ya kurudi shule. Tumezungumza juu ya sabuni, maji, mita moja na nusu, barakoa, kipimajoto. Hilo sikumsikia mtu akilisema. Nami sikulisema, na nina watoto wangu wawili walio nyumbani, wa gredi ya pili na wa darasa la sita, na sikujiuliza nani anakaa nao. Najua nani anakaa nao.

Nilirudi nikamsimulia mama watoto. Nilitarajia atalia kwa huruma. Alinisikiliza hadi mwisho, akaendelea kuosha sufuria, kisha akasema, "Wewe umerudi kazini. Mimi nani aliniuliza kama niko tayari?" Miezi saba alikuwa na mtu wa kuchota maji naye, wa kushika mtoto akienda sokoni. Sasa mtu huyo anaondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kurudi na madaftari. Alisema aliogopa siku hiyo kuliko ugonjwa. Sikuwahi kumsikia akisema hivyo, kwa sababu sikuuliza. Tulikaa kimya muda. Halafu akasema, "Walete. Wawili au wanne, uji ni ule ule." Kisha akaongeza kwamba jioni nitaosha sufuria mimi, na msidhani alikuwa anatania.

Kwa hiyo Jumanne ya Mashujaa ikapita, na Jumatano tarehe 21 binti akaja, mmoja mgongoni, mmoja mkononi, akawaacha kwangu akaingia darasani na barakoa ya kitambaa anayoiosha kila jioni. Alhamisi akaja. Ijumaa hakuja, Ata alikuwa na homa ya malaria. Jumatatu hii amekuja, na tangu hapo hajakosa. Mtihani wa KCPE ulipangwa kuwa Machi 2021. Sijui kama atafika, na siwezi kukuandikia hapa kwamba Mungu ameniambia atafika, maana hajaniambia.

Rejista yangu leo ni 33. Wanane bado. Nina majina yao na nina njia za kwao, na Jumamosi kesho kutwa nakwenda upande wa pili wa mto na mwalimu mwenzangu, kwa baiskeli yake ileile ya makaa. Kama wewe ni mzazi au mjomba wa mmoja wao na unasoma haya ukiwa Lodwar, Kakuma au Eldoret, nipigie kabla ya Jumamosi.

Nafurahi kurudi? Asubuhi wanapoimba wimbo wa taifa, ndiyo, hadi koo linakaza. Saa nane mchana, bati likiwa limechemka na barakoa imelowa jasho, nawaza mkeka wangu na mbuzi na yule kitinda mimba ambaye ameanza tena kuniamkia kama mgeni. Na korona ilikuwa haijaondoka, kila jioni mwaka huo wa 2020 Wizara ya Afya ilikuwa ikisoma hesabu zake. Nikisikia mtoto akikohoa nyuma ya darasa, nageuka haraka kuliko inavyompasa mtu wa imani. Siku nyingine hayo yote yanakuja kwa saa moja.

Uliyerudi kazini wiki hii, au unayerudi Jumatatu, au ambaye hukuitwa, au hukuwahi kuondoka, niandikie hapo chini nikuombee kwa jina. Usiniandikie "Amina" peke yake. Niandikie unachoogopa, na usione aibu kama unachoogopa ni kidogo. Na kama nyumbani kwako kuna mtu anayebaki na watoto wewe unapotoka, mwite asome aya ile ya sufuria.

Ibada Jumapili ni mbili, saa mbili na saa nne, ili tusisongamane. Njoo na barakoa. Mzee wetu bado anakaa chini ya mti nje ya ua, na jua la saa nne linamfikia. Atakayekuja na gari au pikipiki amletee turubai.

Mchungaji wenu, Kerio.